Batri mpya, lori haliwaki: tuangalie masi kwanza



Katika kijarida hiki mmezoea kutusikia tukizungumza mbegu, mboji na mosaiki ya muhogo. Safari hii tunashuka chini ya lori. Wengine watasema: ninyi waagronomu, mambo ya garaji yanawahusu nini? Yanatuhusu sana. Muhogo ukishang'olewa, baada ya siku mbili au tatu unaanza kuweka mistari ya bluu na nyeusi ndani, na mnunuzi anaukataa. Kahawa nyekundu ikichumwa leo inatakiwa imenywe leo; ikilala ndani ya gunia inachacha, na ile harufu haitoki tena hata mfanye nini. Tunaweza kufundisha miezi sita namna ya kupanda na kupalilia, halafu kazi yote ikafia fasi moja: lori limejaa, shoferi anageuza ufunguo, kunasikika "tak", basi.

Malori ya koperative zetu karibu yote ni ya zamani. Yamenunuliwa yakiwa yametumika, mara nyingi mota imefunguliwa, shasi imechomelewa, kabini imepakwa rangi upya. Na tumeona kitu kimoja kinarudia: lori lilikuwa linawaka vizuri kabla ya kuingia garaji, linatoka likiwa linapendeza macho, halafu linaanza ugonjwa wa kutowaka. Kila mtu anasema batri imekufa. Koperative inanunua batri. Baada ya miezi michache, ni vilevile.

Mara nyingi batri haina kosa. Kosa ni masi.

Masi ni nini hasa

Masi ni njia ya kurudia ya umeme. Wale wenye bwawa la samaki wataelewa upesi. Bwawa lina mfereji wa kuingiza maji na bomba la kutoa. Ukiziba bomba la kutoa kwa matope, maji mapya hayaingii hata kama mto umejaa hadi juu. Umeme uko vilevile. Unatoka batri upande wa pozitifu, unapita ndani ya kebo nene, unazungusha demarere, halafu lazima urudi batri upande wa negatifu. Kwenda kunaonekana, kwa sababu kebo nyekundu iko pale mbele ya macho. Kurudi hakuonekani, kwa sababu umeme unarudi kupitia chuma chenyewe cha mota na shasi. Ndiyo maana watu wanasahau.

Sasa angalieni namna lori limejengwa. Mota haikukaa juu ya shasi chuma kwa chuma. Imekaa juu ya mipira ili isitetemeshe lori. Mpira haupitishi umeme. Kabini nayo imekaa juu ya mipira. Kwa hiyo waliotengeneza lori waliweka mikanda ya shaba iliyosukwa, ambayo mafundi wanaita tresi, ili kuunganisha vipande hivyo. Kuna kebo kutoka negatifu ya batri kwenda shasi, au kwenda moja kwa moja kwenye mota ama gerboksi. Kuna tresi kutoka mota hadi shasi. Kuna ingine kutoka shasi hadi kabini. Katika baadhi ya malori alternateri ina waya yake ya masi peke yake.

Tresi ni kitu kidogo, kichafu, kimejaa mafuta na matope. Mota ikishushwa, inafunguliwa na kutupwa ndani ya karto pamoja na buloni za zamani. Siku ya kurudisha mota hakuna anayeikumbuka, maana mota inaingia na kufungwa vizuri kabisa bila tresi. Hakuna kitu kinachobaki wazi kukukumbusha. Na hata ikikumbukwa, inafungwa juu ya rangi mpya. Rangi ni kama mpira, haipitishi umeme. Kadiri garaji ilivyopaka rangi kwa bidii, ndivyo masi inavyoharibika.

Koperative moja juu ya milima upande wa Kalehe ilipitia mambo haya yote, na tuliyafuatilia tangu mwanzo kwa sababu tulikuwa tunasimamia kahawa yao. Lori lao lilifunguliwa mota mjini, likarudi na rangi ya bluu nzuri sana. Wiki ya kwanza liliwaka kwa kusukumwa. Vijana kumi na wawili kila asubuhi. Walinunua batri mbili. Ikawa nafuu kidogo, kwa sababu batri mpya ina nguvu ya kulazimisha njia mbaya, halafu ikarudi palepale. Wakabadilisha demarere. Siku moja katikati ya mavuno, lori likiwa limebeba kahawa ya wanachama wa vijiji vitatu, shoferi alishikilia ufunguo kwa muda mrefu na moshi ukatoka chini ya miguu yake. Haikuwa waya ya umeme iliyokuwa inaungua. Ilikuwa kebo ya aksileta, ile waya ya chuma inayotoka kwenye pedali hadi kwenye pompi ya mazutu.

Watu walisema ni uchawi. Sio uchawi. Umeme wa demarere ni mwingi sana na lazima urudi. Ukikosa tresi, unatafuta chuma chochote kinachounganisha mota na shasi au kabini: kebo ya aksileta, kebo ya kilomita, waya ya kuzimia mota, hata bomba la chuma la mazutu. Vitu hivyo havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Vinapata moto na kuungua. Lori la mbao lenye magunia makavu juu, na bomba la mazutu likipata moto chini, hatuhitaji kuwaeleza linaweza kuishia wapi.

Kahawa ya siku ile ililala njiani. Kesho yake ilipofika kituo cha kuoshea, sehemu kubwa ilikuwa imeharibika, ikauzwa bei ya chini kama kahawa ya kawaida. Fundi mzee aliyeitwa alikuja na funguo mbili na brosi ya chuma. Alilala chini ya lori muda mfupi tu, akatoka akauliza: "Tresi ya mota iko wapi?" Haikuwepo. Na kose ya negatifu ilikuwa imefungwa juu ya rangi ya bluu. Alipomaliza, lori liliwaka na zile batri za zamani ambazo mtu alikuwa amekwisha kuzipeleka nyumbani kwa taa za usiku.

Kwa nini kosa dogo linazuia mota kubwa

Hapa tunaomba uvumilivu, kuko hesabu kidogo. Demarere ya mota ya mazutu inakula ampere nyingi, kwa lori la kawaida tuseme 300 hadi 500 wakati wa kuzungusha. Taa ya mbele inakula chache tu. Kanuni ni hii: volti zinazopotea fasi yoyote ni sawa na ampere mara kizuizi cha fasi hiyo, na kizuizi kinapimwa kwa ohm. Tuchukue kizuizi kidogo sana cha 0.01 ohm, kile kinacholetwa na kutu kidogo chini ya kose. Kwa ampere 400, hesabu ni 400 mara 0.01, yaani volti 4. Batri ya volti 12, ikiwa nzima, inashuka hadi kama 10 wakati demarere inafanya kazi. Toa 4, inabaki 6. Mota ya mazutu yenye mgandamizo mkubwa haiwezi kuzunguka upesi kwa volti 6. Kwa kweli ampere zenyewe zitashuka pia, na ndiyo maana mnasikia demarere inazunguka kama mzee anapanda mlima.

Tena zile volti 4 hazipotei bure. Volti 4 mara ampere 400 ni wati 1,600, kama pasi ya umeme, na joto lote liko juu ya buloni moja. Ndiyo maana ukijaribu kuwasha mara kadhaa halafu ukagusa miunganisho kwa uangalifu, ule ulio na moto ndio mgonjwa.

Kwa taa ya mbele, kizuizi kilekile cha 0.01 ohm hakionekani kabisa. Taa inawaka vizuri, honi inalia. Basi shoferi anasema umeme uko, demarere ndiyo imekufa. Hili ndilo linalodanganya watu wengi.

Kuna ishara zingine za masi mbaya ambazo shoferi anaweza kuona akiwa amekaa kwenye kiti chake. Ukiwasha taa kubwa na mshale wa joto la mota unapanda palepale, mota haikupata joto ndani ya sekunde moja. Ni masi ya kabini au ya saa zile. Ukiwasha taa ya kukata kona na taa za nyuma zote zinakonyeza pamoja, ni masi ya nyuma. Na hapa malori yetu yana shida yake: bodi ni ya mbao. Taa ya nyuma iliyopigiliwa juu ya ubao haina masi yoyote, lazima iwe na waya yake hadi shasi. Kule Lubero na Masisi ambako asubuhi kuna baridi, kwa mota zenye bujii za kupasha moto, masi mbaya inafanya bujii zisipate moto wa kutosha, mota inakohoa moshi mweupe na haishiki. Halafu wanalaumu mazutu.

Namna ya kupima, hata bila testeri

Kabla ya yote: gia iwe nyutro, mawe chini ya magurudumu, na mtu mmoja tu anashika ufunguo.

Kama hamna testeri, chukueni kebo nene ya kuazimia umeme, ile ya kuunganisha lori na lori. Fungeni mkono mmoja kwenye negatifu ya batri, halafu mkono wa pili kwenye chuma kisicho na rangi cha mota yenyewe, mbali na batri na mbali na mabomba ya mazutu. Jiko la alternateri au pete ya kuinulia mota ni fasi nzuri. Jaribu kuwasha. Demarere ikizunguka kwa nguvu ambayo haikuwa nayo, msinunue batri. Kebo hiyo imefanya kazi ya masi iliyokosekana. Jaribio hili halihitaji fundi wala pesa, na tungependa kila shoferi wa koperative alijue kabla hatujazungumza bei ya kitu chochote.

Njia ingine ni taa. Washeni taa kubwa usiku au fasi ya giza, mtu asimame mbele, mwingine ageuze ufunguo. Taa zikizima kabisa, angalieni batri yenyewe, vichwa vyake na kebo ya kwanza inayokwenda shasi. Taa zikibaki zinang'aa na demarere inapiga "tak" tu, batri na shasi viko salama; tafuteni mbele zaidi, kati ya shasi na mota, au kwenye demarere na kebo yake ya pozitifu.

Wenye testeri wana jibu la hakika zaidi. Wekeni kwenye volti za batri, fasi ya 20. Ncha nyeusi iguse kichwa chenyewe cha risasi cha negatifu, sio kose. Ncha nyekundu iguse chuma safi cha mota. Vuteni waya ya kuzimia mota ili isiwake, kisha zungusheni demarere, isizidi sekunde 10. Mkiona 0.2 au chini, masi ni nzuri. Ikifika 0.5 na zaidi kwa lori la volti 12, kuna kazi ya kufanya. Hapo mnasogea hatua kwa hatua: kichwa cha batri na kose yake, kose na kebo, kebo na shasi, shasi na mota. Fasi ambayo namba inaruka ndiyo yenye ugonjwa. Halafu pimeni upande wa pozitifu vilevile, maana nao unaweza kuwa na kosa.

Msipime kebo kwa ohm. Kebo iliyokatika nyuzi zote ikabaki na uzi mmoja tu wa shaba itawaonyesha sifuri, eti nzuri kabisa, na haiwezi kubeba hata robo ya umeme wa demarere. Tumeona watu wenye diploma wakidanganywa na namba hiyo.

Kurudisha masi vizuri

Siku ya kufungua mota, kabla ya kugusa buloni hata moja, chukueni simu mpige picha kila waya na kila tresi, na fasi ilipofungwa. Kila tresi ifungwe karatasi yenye jina lake. Kazi ya dakika kumi. Mama trezoriye wa koperative anaweza kuisimamia vizuri kuliko fundi, kwa sababu yeye ndiye anayelipa batri.

Siku ya kurudisha, kila fasi ya masi isuguliwe hadi chuma king'ae. Sugueni duara linalozidi kidogo ukubwa wa kose, na kama buloni inapita upande wa pili, sugueni upande huo pia. Brosi ya chuma au karatasi ya msasa inatosha. Kisu kikosekane, hata jiwe la kunolea linafaa. Sugueni kose yenyewe na uso wa rondeli. Rondeli yenye meno ni nzuri kwa sababu inauma ndani ya chuma na kushikilia hata lori likitetemeka kwenye barabara zetu, ambazo sote tunazijua. Kazeni kwa nguvu. Baada ya kukaza, sio kabla, pakeni grisi au vazelini juu ya kila kitu ili maji yasiingie. Rangi pia inaruhusiwa sasa, juu ya muungano uliokwisha kukazwa.

Wengi wanafanya kinyume: rangi kwanza, masi baadaye. Tukiambiwa lori limetoka kupakwa rangi shasi nzima, tunaanza kutafuta hapo hata bila kuuliza dalili.

Vichwa vya batri vina mambo yake. Ile unga nyeupe na kijani inayoota juu yao ioshwe na maji yenye bikarbonati, ile wanayotia kwenye maharagwe yaive upesi, huku vifuniko vya batri vimefungwa ili isiingie ndani. Futeni, sugueni risasi na kisu hadi ing'ae. Kose ikilegea, msiingize msumari katikati. Tumeona misumari hiyo kila mahali, kutoka Uvira hadi Beni. Msumari unagusa kwa mistari miwili tu, unapata moto, na mwisho unayeyusha kichwa cha batri. Tafuteni kose ya ukubwa wake.

Kebo ya masi iwe nene sawa na ya pozitifu. Watu wanaweka kebo nzuri nyekundu na upande wa kurudi wanaweka waya nyembamba ya nyumba, eti ni masi tu. Umeme uleule unaokwenda ndio unaorudi, hakuna nusu inayobaki njiani. Kwa lori dogo, kebo ya milimita mraba 50; kwa kubwa, 70, yaani shaba peke yake inakaribia unene wa kidole kidogo. Kebo ya mashine ya kuchomelea inafaa. Sokoni kuna kebo zinazong'aa nyekundu kama shaba na ndani ni aluminiamu: kwarueni uzi mmoja na kisu, ukiwa mweupe ndani muache palepale. Kose ibanwe kwa chombo cha kubania, isipigwe nyundo tu. Soda ya bati peke yake haitoshi kwa kebo ya demarere, kwa sababu muungano ukipata moto bati linayeyuka na kebo inatoka.

Na fasi ya kufungia: tresi ya mota ifungwe kwenye chuma kinene cha mota au gerboksi, karibu na demarere ikiwezekana. Isifungwe kwenye buloni inayoshika mpira, wala kwenye bomba la breki, wala kwenye tanki la mazutu. Iachwe ndefu kidogo, maana mota inacheza, na tresi iliyokazwa kama kamba ya gitaa inakatika.

Volti 24, na simu za watu

Malori mengi makubwa yana batri mbili za volti 12 zilizounganishwa moja nyuma ya ingine: pozitifu ya moja inaenda negatifu ya ya pili, na zinatoa 24. Masi inatoka kwenye negatifu iliyobaki huru, sio katikati. Wanaokosea hapo wanapata cheche kubwa sana, wakati mwingine kebo nyekundu kama moto wa makala. Angalieni mara mbili kabla ya kufunga. Batri hizo mbili ziwe za ukubwa mmoja na umri mmoja. Kubadilisha moja tu ili kuokoa pesa kunaua ile mpya.

Halafu kuna tabia ya kuchaji simu za kijiji. Mtu anafunga waya kwenye batri moja tu kati ya mbili apate volti 12 ya simu na ya redio. Hiyo batri inakonda kila usiku, na alternateri, ambayo inaona jumla ya 24 tu, inaijaza isivyotosha huku ikiilazimisha ile ingine ijae kupita kiasi hadi ichemke maji. Baada ya miezi michache zote mbili zimekwisha. Kama kijiji kinataka kuchaji, nunueni kibadilishio cha 24 kwenda 12, au paneli ya jua, ambayo kwa kweli itagharimu chini ya batri moja ya lori.

Kwa kujua hali ya batri yenyewe: lori likiwa limelala usiku mzima, batri ya 12 iliyojaa inaonyesha karibu 12.6 au zaidi kidogo. Ikiwa 12.0 imekaribia kwisha. Mota ikiwaka, inatakiwa ionekane kati ya 13.8 na 14.4. Kwa lori la 24 zidisheni mara mbili. Mota ikiwaka na namba haipandi, sio masi ya demarere tena. Tazameni alternateri, mkanda wake, na masi yake yenyewe, maana alternateri iliyofungwa juu ya jiko lililopakwa rangi nayo inakosa njia ya kurudi.

Utaratibu wa kufungua na kufunga

Kufungua batri: negatifu kwanza, pozitifu mwisho. Kufunga: pozitifu kwanza, negatifu mwisho. Sababu yake ni hii. Negatifu ikiwa bado imefungwa, chuma chote cha lori ni negatifu. Ufunguo wenu ukiwa juu ya pozitifu ukagusa shasi, umefunga batri kwa yenyewe, ufunguo unawaka, na mwenye pete kidoleni anaweza kupoteza kidole. Negatifu ikiwa imetolewa, ufunguo ukigusa shasi hakuna kinachotokea. Pete na saa za chuma ziwekwe mfukoni hata hivyo. Sigara ikae mbali: batri inayochajiwa inatoa gesi ya hidrojeni, ambayo inalipuka na kurusha asidi usoni. Asidi ikiingia jichoni, maji safi mengi, kwa muda mrefu, halafu kituo cha afya.

Msigeuze batri. Katika malori tunayokutana nayo masi ni negatifu, lakini kuna magari ya zamani sana, hasa ya Uingereza, ambayo masi yake ilikuwa pozitifu. Someni alama kwenye alternateri kabla ya kufunga. Batri ikifungwa kinyume hata kwa sekunde moja, diodi za alternateri zinakufa.

Mkiwa na kitufe cha kukatia batri, kisizimwe wakati mota inazunguka. Alternateri inarusha volti nyingi kwa ghafla na inajiharibu yenyewe.

Na kuchomelea shasi, jambo ambalo koperative zetu zinafanya karibu kila msimu wa mvua: kabla ya kuwasha mashine, toeni kose zote za batri na waya za alternateri. Koleo la masi la mashine ya kuchomelea liwekwe karibu kabisa na fasi inayochomelewa, kwenye chuma kilichosuguliwa, sio kwenye bampa la mbele wakati mnachomelea nyuma. Umeme wa mashine ukitafuta njia ndefu unapita kwenye bearingi za magurudumu na za gerboksi na kuacha vidonda vidogo ambavyo vitalia baada ya wiki mbili. Baada ya kuchomelea, tresi zote zilizokuwa karibu ziangaliwe tena, maana joto linakausha na kuchoma grisi.

Kwa malori yanayopumzika kati ya msimu na msimu, toeni kose ya negatifu na kuifunika kwa kitambaa kikavu, na kila mwezi batri ichajiwe, hata kama lori haliendi popote. Batri ya risasi inayolala bila chaji inaota chumvi ngumu ndani na haiamki tena. Matope kwenye shasi yaoshwe kabla ya kupumzisha, hasa pale tresi zinapofungwa, halafu grisi ipakwe upya. Mavuno yakianza, jaribuni kuwasha siku tano kabla ya kuchuma, sio asubuhi ile ile.